Kamba ya mbuzi: siku tano kanda ya kati nikitazama milango ya zimamoto na polisi

Nimerudi Dar wiki mbili zilizopita. Nilichorudi nacho ni daftari lililolowa mvua upande mmoja, picha mia na kitu kwenye simu, nyingi za milango na mifereji, na kipande cha kamba ya katani. Ninayaandika haya kwa kuunganisha hivyo vitatu.

Ofisi yetu ni ndogo: wabunifu majengo wawili, mchoraji mmoja, na mkadiriaji majenzi anayepita Jumatatu na Alhamisi. Januari tulipata kazi ya halmashauri moja, kituo kidogo cha zimamoto na kituo cha polisi katika kiwanja kimoja. Michoro ya awali tuliimaliza kwa siku tisa na ikapendeza. Kijana wetu alikuwa ameweka hadi nguzo ya kutelezea, ile iliyobuniwa na David Kenyon kule Chicago mwaka 1878 ili askari washuke haraka kutoka ghorofani. Jengo letu halina ghorofa. Tulicheka, tukaifuta, ila usiku ule nilikosa usingizi, maana kama hilo lilitupita kwa siku nane, mangapi mengine yametupita? Mimi mwenyewe sijawahi kuingia kituo cha zimamoto. Hata 114 sijawahi kuipiga. Bosi akasema, "Nenda kaone. Nauli na malazi ya ofisi, tumbo lako mwenyewe."

Jumanne, 4 Februari. Dar hadi Dodoma

Treni ya SGR, daraja la kawaida, 31,000. Nililipa kwa simu. Kitambulisho wanakikagua kweli: mbele yangu baba mmoja alikuja na tiketi yenye jina la mwanawe, akawekwa pembeni, na sikumwona tena. Fika mapema, mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege.

Hadi Morogoro nilisoma, kutoka hapo nikalala. Nilizinduliwa na mama wa kiti cha pili aliyekuwa akirudi kwao Mvumi, ananisogezea karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa khaki. Akauliza nafanya kazi gani.

"Nachora majengo, mama. Mbunifu majengo."

"Ahaa, injinia."

"Si injinia, mama, ni mbuni—"

"Sawa, injinia. Kula karanga."

Kuanzia hapo, kwa siku tano, nilikuwa injinia. Kabla hatujashuka alinifundisha *mbukwenyi*, salamu ya Kigogo. Ilinifungulia milango kuliko barua yangu ya utambulisho.

Kwa watakaofuata: Februari Bunge huwa na kikao, na loji zinajua. Chumba nilichoambiwa kwa simu ni 25,000 nilikikuta 40,000, na dada wa mapokezi wala hakuona haya. Piga mapema, na mwambie akutumie bei kwa ujumbe.

Jumatano, 5 Februari. Jijini

Asubuhi nilipanda daladala hadi Mtumba, Mji wa Serikali, kama kilomita 17 kutoka katikati kwa barabara ya Dar. Nilitaka kuona wizara, lakini kilichonishika ni nafasi. Kati ya jengo na jengo pamebaki ardhi ya kutosha gari kubwa kuzunguka na kurudi bila kumwomba mtu asogeze chochote. Mwaka 2019 ulipozinduliwa zilikuwa ofisi za chini, maghorofa yamefuata baadaye. Mlinzi mmoja alinitazama nikipima upana wa njia kwa hatua zangu, akanifuata, akasoma barua yangu mara mbili, kisha akawa ananihesabia hatua kwa sauti.

Sisi tunaojenga tunapenda kuisema Dodoma kama mji uliochorwa. Ni kweli ulichorwa, tena zaidi ya mara moja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ni wa 1973, na mwaka huohuo ikaundwa CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu. Mpango mkuu wa 1976 ulitoka kwa Project Planning Associates wa Toronto, Kanada. Miaka ya themanini akaja James Rossant wa New York kuchora kitovu cha mji. CDA ilivunjwa Mei 2017, mwaka uliofuata Dodoma ikawa jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179, katika eneo linalozidi kilomita za mraba 2,500. Gawa mwenyewe. Mji wa namna hii, kuchora duara kwenye ramani na kusema "kituo hiki kitahudumia kilomita tano pande zote" ni kujidanganya, kwa sababu gari la zimamoto halipai. Linafuata lami, linasubiri reli, linazunguka kilima. Kinachohesabiwa ni dakika.

Hilo nilifafanuliwa na bodaboda aliyenichukua Ilazo (2,000, baada ya kuanzia 4,000). Nilimuuliza, moto ukiwaka mtaa huu, zimamoto utawaelekeza vipi? Akasimamisha pikipiki kabisa ili ajibu vizuri. "Nitawaambia waje Ilazo, wakifika wanipigie, niwafuate." Nikamwonyesha kibao cha anwani za makazi kwenye nguzo, vile vilivyowekwa mwaka wa sensa. Akakisoma kama anakiona kwa mara ya kwanza, akacheka. "Hiki cha posta, dada. Sisi tunasema kwa mangi wa kona, pale dukani."

Nikaandika daftarini: lango la kituo litokee kwenye barabara ambayo dereva yeyote anaijua kwa jina la mtaani.

Mchana, stendi kuu na soko la Job Ndugai kule Nzuguni. Soko lina paa kubwa na kivuli cha maana, na katika jua la Dodoma kivuli ni nusu ya jengo. Nililizunguka nje nikiwaza Kariakoo. Soko lile la Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege, tulifundishwa chuoni kama sala. Tarehe 10 Julai 2021 likaungua, na siku ile sikuwaza miavuli hata kidogo, niliwaza njia zilizokuwa zimejaa meza za biashara. Sokoni humu nilinunua zabibu, kilo 4,000, ndio msimu. Muuzaji aliniongezea kishada alipojua natazama njia za moto. "Andika na choo," alisema. Nimeandika.

Jioni ugali wa mtama na mlenda, 3,000, karibu na Jamatini. Usiku mvua kubwa, umeme ukakatika saa tatu hadi asubuhi. Nililala nikifikiria mlango wa gereji wa umeme niliouchora.

Alhamisi, 6 Februari. Kuelekea Manyoni na mbele yake

Basi la saa moja liliondoka saa mbili na robo. Ukivuka Bahi ardhi inakuwa tambarare, nyeusi, na baada ya mvua inang'aa kama imepakwa mafuta. Ni udongo wa mbuga: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyumba kadhaa za kando ya barabara zina ufa ulioanza pembeni mwa dirisha ukashuka kwa ngazi, tofali kwa tofali. Kwenye udongo huo huweki gari la zimamoto juu ya sakafu ya sentimita kumi. Lita 5,000 za maji peke yake ni tani tano, hujahesabu chuma. Ama uchimbe uondoe mbuga yote hadi kwenye ardhi ngumu, ama uhame kiwanja. Na wenye viwanja vya bure vya kuzipa halmashauri, jamani, aghalabu hutoa hivyohivyo vya mbuga.

Karibu na Kintinku tairi la nyuma likapasuka. Spea nayo ilikuwa haina upepo. Konda akaondoka na bodaboda akilibeba tairi mgongoni kama mtoto. Tulikaa hapo saa mbili na nusu. Mama mmoja mwenye kibanda cha miwa alitutolea mikeka, akachemsha viazi, na alipoulizwa bei akasema, "Mmeharibikiwa, nitawauziaje?" Tulichanga 11,000, tukamwachia mtoto wake. Mama mwenyewe alikataa katakata.

Kupanda mwinuko wa Saranda, Manyoni, chai ya haraka, basi jingine. Mji nilioshukia alasiri siutaji, na utaona kwa nini.

Kituo cha zimamoto kilikuwa nyuma ya ofisi za halmashauri. Nilimkuta askari wa makamo amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anashona mkanda wa kofia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, dada. Wewe ndiye injinia uliyepiga simu? Umekuja kutujengea?"

"Nimekuja kujifunza kwanza."

Akaiweka kofia chini. "Basi kaa. Hilo sijalisikia."

Gari jipya, jekundu, limesimama uani, juani. Gereji ipo, ina paa, ina sakafu, ndani mna baiskeli mbili na magunia ya saruji. Nikauliza. Akanipeleka mlangoni, akainua kiganja hadi kwenye boriti ya juu, kisha akanielekeza kimulimuli cha gari. Gari haliingii. Walijaribu siku lilipoletwa, wakiwa na wageni wenye kamera. Dereva akasimama likiwa limebaki shibiri. Mchoro ulikuwa wa gereji ya magari madogo ya halmashauri, fosi akaunti, yaani halmashauri inajenga yenyewe bila mkandarasi, na mafundi wakafuata ramani kama ilivyo. Kilichobadilishwa ni kibao cha nje.

Sikucheka, kwa sababu mlango niliouchora mimi, uliopita mezani kwangu na muhuri wangu, una mita 3.

Nikatafuta futi kwenye mkoba. Nimeiacha lojini Dodoma. Jirani kulikuwa na kijana anauza kamba za kufungia mbuzi, nikanunua moja, 1,000. Afande akapanda juu ya gari kwa ngazi ya nyuma, akashikilia ncha juu ya kimulimuli, mimi nikaivuta hadi chini, nikapiga fundo pale ilipogusa ardhi. Nikampelekea fundo mwenye duka la vifaa vya ujenzi mbele ya barabara, akapima kwa futi yake: mita 3.34. Na gari bado halijafungwa ngazi ndefu. Sasa ninajua kwa nini wenzetu Marekani huweka futi 14 kwenda juu na 14 kwenda pembeni. Nilikuwa nadhani ni ufahari wao.

Kisha akanitembeza, na ziara hiyo ilikuwa fupi na nzito. Kitandani hadi garini kuna milango minne, mmoja unafungukia ndani, "na usiku tukitoka wawili, mmoja anampiga mwenzake nao." Mipira ya maji ilianikwa juu ya mwarobaini, mirefu, imening'inia kama ngozi za nyoka, kwa sababu hakuna mnara wa kuikaushia, ukiikunja mibichi inaoza ndani, unaijua siku inapopasukia motoni. Gari likirudi linaingia kinyumenyume toka barabara kuu, koplo anasimamisha bodaboda kwa mikono. Daraja la mfereji langoni limeshapasuka upande mmoja. Magwanda ya moto yalikuwa kwenye misumari juu ya vitanda. Nilinusa. Yananuka plastiki iliyoungua. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lenye makao Lyon, Ufaransa, lilitangaza 2022 kwamba kazi ya kuzima moto inasababisha saratani, na masizi yanayorudi na nguo ni sehemu ya habari hiyo. Katika mchoro wetu chumba cha magwanda kilikuwa na mlango mmoja tu, unaofungukia chumba cha kulala. Tuliona ni karibu, rahisi.

"Ukichora," aliniambia tukiagana, "tuwekee bomba la kuogea kabla ya kuingia ndani. Sio ndani. Kabla."

Lojini 15,000, maji ya ndoo, chandarua kizima. Nililala saa mbili.

Ijumaa, 7 Februari. Mji mwingine, upande wa polisi

Usipige picha kituo cha polisi bila ruhusa. Nina barua ya mkurugenzi wa halmashauri iliyotupa kazi na nakala ya ofisi ya katibu tawala wa mkoa, na bado nilisubiri saa moja na nusu hadi mkuu wa kituo atoke kikaoni. Aliniruhusu kuangalia, picha akakataa, kwa hiyo siku hii naisimulia kwa daftari tu.

Nilikaa benchi la wageni. Ndipo nilipojifunza, maana kukaa benchi hakumo katika ratiba ya mbunifu yeyote. Mlango ni mmoja. Mbele yako kaunta. Anayelalamikia kuku, anayetaka taarifa ya kupotelewa laini ya simu, anayeletwa na pingu, wote wanakutana hapo, bega kwa bega. Dawati la jinsia na watoto, la kupokea kesi za ukatili, lipo, lina bango zuri, liko mwisho wa korido, chumba cha kushoto, baada ya mlango wa mahabusu.

Aliingia dada mwenye mtoto wa kike wa miaka kama saba. Akasimama hatua tatu kutoka kaunta. Askari, kwa upole kabisa, akamuuliza, "Tukusaidie nini, mama?" Benchi zima tukanyamaza, si kwa ubaya, ndivyo watu walivyo. Dada akatutazama. Akasema amekuja kuulizia kitu, atarudi. Akageuka, akatoka.

Bahati, askari wa kike aliyekuwa akifagia ukumbi aliliona lile lile nililoliona mimi. Akaweka fagio, akamfuata nje, wakasimama chini ya mti muda mrefu, kisha wakaingia wote watatu kwa mlango wa nyuma, wa jikoni. Mlango wa jikoni! Ndio mlango wa dawati la jinsia wa kituo hicho, na haumo katika ramani yoyote.

Mkuu wa kituo nilipomgusia hakujitetea. Alisema wamekwisha kuomba mlango wa ubavuni, tofali zipo. Vyumba vya mahabusu alinionyesha kwa nje: wanaume, wanawake, na chumba cha tatu kwa watoto, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 haitaki wachanganywe na wakubwa. Chumba hicho cha tatu kina dirisha linalotazama chumba cha kwanza. Mtu alichora kuta akasahau macho.

Chakula cha mchana wali na kuku wa kienyeji, nusu, 9,000. Kuku wa upande huu wa Singida wanasifiwa na wanastahili. Mchana wote nilikuwa kwenye kibao cha kuchorea, mezani kwa mama ntilie, nikihamisha mlango.

Jumamosi, 8 Februari. Kurudi

Basi la alfajiri, safari haina la kusimulia hadi Dodoma, namshukuru Mungu. Treni yangu ilikuwa ya jioni, nikaenda mnada wa Msalato, ambao ni wa Jumamosi. Ng'ombe, mbuzi, mitumba, dawa za meno, na moshi wa nyama choma unaokufuata hadi kwenye nywele. Kilo 14,000, waombe wakukatie mbavu, na ubebe chumvi yako kama una ulimi wa Pwani. Mzee aliyekuwa akila meza moja nami aliiona kamba mkobani, akauliza mbuzi wangu yuko wapi. Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, akatafuna, akasema, "Kwa hiyo injinia umepima gari kwa kamba ya mbuzi." Akawaita wenzake waje nirudie.

Nilipokuwa stesheni afande alinipigia. Wamepima tena na ngazi ndefu ikiwa juu: ongeza kiganja kimoja na vidole viwili. Nikamuuliza kiganja cha nani. "Cha kwangu," akasema, "wewe chako kidogo."

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya wenzangu. Nikaifunga ile kamba kwenye bati la dari, juu ya meza ya mchoraji, ncha ya juu ikigusa dari. Dari yetu ina mita 2.8. Fundo limelala sakafuni, na kila anayepita kwenda kuchemsha chai analiruka.